Mbwa Yako Haibongi, Cheki Fizi

Kwanza tuelewane. Court yetu hapa Buru iko na Simba wanne. Si wale wa Nairobi National Park, nabonga mbwa. Kuna Simba wa gate, Simba wa kinyozi, Simba wa Mama Mboga na Simba wa Guka wa nambari tisa. Ukiita "Simba!" saa moja jioni unapata mikia minne na mtoi mmoja wa Grade Two. Mimi yangu inaitwa Chapo. Ni brown, ina madoadoa nyeusi, na ikilala inajikunja round kabisa. Jina original. Heshima.

Siku hizi kuwa na dogi ni luku. Ukipita hii mtaa weekend utadhani ni fashion show. Jamanshefa na mkanda wa ngozi. Kaspitz keupe na bandana. Nimecheki mbwa imedungwa hoodie, buda, hoodie, na kofia yake. Lakini uliza huyo msee mbwa yake imepoop aje leo asubuhi. Kimya. Anajua likes ni ngapi, rangi ya fizi hajui. Na hiyo ndio aibu yenyewe. Mbwa bila hoodie iko sawa. Mbwa na bandana safi shingoni na kupe kumi ndani ya sikio, hapo wewe ndio umeanguka.

Juu mbwa haibongi. Haitext. Haisemi "leo tumbo inanikata." Tena inafichanga maumivu mpaka ishindwe. Ukiipata imelala kwa kona, macho imezima, haijali ukifungua sufuria, hiyo stori haijaanza leo.

So sikiza rada. Dakika mbili kila jioni. Inua mdomo wa juu ucheki fizi. Inafaa kuwa pink. Bonyeza na kidole, itageuka nyeupe, achilia, na rangi irudi kabla umalize kuhesabu mbili. Kama mbwa yako ina fizi nyeusi kwa asili, vuta kope la chini, cheki ndani. Sasa: ukipata nyeupe kama karatasi, damu imepungua. Inaweza kuwa kupe, minyoo, au inavuja ndani. Ukipata manjano, ini iko na ngori ama damu inavunjika. Ukipata bluu, hewa haiingii. Kwa hizo tatu haungoji kesho. Hauulizi group ya WhatsApp. Unaita nduthi.

Guka wa nambari tisa yeye atakwambia ushike pua. Ati pua ikikauka mbwa ni mgonjwa. Stori za jaba. Chapo akiamka pua imekauka. Akitoka kuota jua, imekauka. Akikunywa maji, imerudi. Pua haisemi kitu. Na usijaribu kupima joto na mkono pia. Mbwa mzima inakuanga na joto kati ya 38.3 na 39.2, yako ni 37 hivi, so lazima uiskie moto. Nunua thermometer ya digital kwa chemist, paka Vaseline, na inaingia nyuma. Ndio, nyuma. Andika jina ya mbwa juu yake na marker kubwa, familia yako itakushukuru. Ikisoma zaidi ya 39.5, anza kupiga simu. Ikifika 40, anza kutembea.

Ya mwisho, pumzi. Ikiwa imelala usingizi poa, hesabu tumbo ikipanda na kushuka kwa dakika moja. Chini ya 30, wazi. Ikipita 30 kila siku na haijatoka kukimbia, hiyo ni kazi ya vet.

Sasa nikupee stori ya Simba wa kinyozi. Wa kwanza.

Kinyozi alitoa thao kumi na mbili. Pupi wa Rottweiler, mnono, macho safi. Muuzaji alikuwa na carton pembeni ya barabara, yaani mbwa inauzwa kama parachichi. "Amechanjwa boss, kadi hii hapa." Kadi ilikuwa na picha ya mbwa imechapwa vizuri. Haikuwa na sticker ya chupa ya chanjo. Haikuwa na sahihi ya vet wala namba yake ya usajili. Lakini nani anasoma kadi na Rottweiler anakulamba kidevu? Kinyozi alimleta court, tukapiga picha, mtaa ukawaka.

Siku ya nne Simba akakataa kudishi. Tukasema ni ugeni. Jioni akaanza kutapika, povu nyeupe kwanza, halafu manjano. Usiku akaharisha maji. Asubuhi maji ikawa na damu, na harufu, manze, kuna harufu pua haisahau. Kama chuma na nyama ya juzi. Court nzima ikaamka.

Hapo ndio wazee wakaingia na CV zao. Guka: mpeni maziwa na mayai mabichi. Mathe: maji ya chumvi. Mzae wa nambari tatu: mbwa ni mbwa, ale nyasi atapona. Kila mzee alikuwa na dawa. Hakuna hata mmoja alikuwa na namba ya vet. Tulipoteza siku mbili nzima kwa hizo recipe, na maziwa ikazidisha kuhara. Siku ya tatu tukambeba kwa nduthi ndani ya leso. Vet alivuta ngozi ya shingo, ikabaki imesimama kama tent. Maji mwilini ilikuwa imeisha. Akawekwa drip. Usiku huo akadedi. Bill yake ilikuwa njumu tatu. Hapa kwetu tunahesabu na njumu, moja ni thao tatu pale Gikomba, grade safi. Chanjo ingekuwa chini ya njumu moja.

Hiyo ilikuwa parvo. Ni virusi, wataalamu waliitambua mwaka wa 1978 na haikukaa muda ikazunguka dunia yote. Inashambulia utumbo, ule ukuta wa ndani unachubuka, na inaenda mpaka kwa uboho wa mifupa penye askari wa mwili wanatengenezwa. So mbwa haina ukuta na haina soja. Inapenda pupi wa wiki 6 mpaka miezi 6, na Rottweiler, Doberman na Jamanshefa huwa inawachapa vibaya zaidi. Hakuna dawa ya kuua hiyo virusi yenyewe. Vet anarudisha maji na drip, anazuia kutapika, anapigana na bakteria wenye wanaingilia hapo kwa mashimo. Ukifika mapema pupi wengi wanatoboa. Ukifika na mayai mabichi kwa mdomo, sijui nikwambie nini.

Na chanjo si sindano moja uende ukalale. Inaanza wiki ya 6 ama ya 8, inarudiwa kila wiki tatu au nne mpaka pupi afike wiki 16. Sababu ni maziwa ya mamake. Ile kinga alinyonya inaweza kuzima chanjo ya mapema, na hakuna mtu anajua itaisha siku gani. Ndio maana unarudi. Wasee wengi hudunga moja, wanapost kadi, wanasahau. Kapupi kanashuka chini kunusa mtaro na kinga nusu.

Sasa sikia hii, juu hapa ndio wengi wanabugi. Hiyo virusi inaishi kwa udongo mpaka mwaka na zaidi. Na inasafiri kwa njumu. Ndio buda, hizo Jordan zako. Unakanyaga kinyesi nje ya base, unaingia kejani, pupi yako haijawahi toka nje hata siku moja na imeshikwa. So vua viatu mlangoni mpaka amalize chanjo zote. Kinyozi alitaka kuleta pupi mwingine wiki tatu baadaye, tena amwite Simba. Nilimshika mkono. Tukaosha simiti yote na sabuni, halafu Jik, kipimo kimoja kwa maji vipimo 30, tukaacha dakika kumi kabla ya kusuuza. Udongo wa pale nyuma hauoshekani. Simba wa kinyozi wa saa hii ni mbwa mzima, alichukuliwa KSPCA pale Karen na alikuja ashachanjwa. Si Rottweiler, hana ukoo, na ndiye mbwa anajibeba fiti kushinda wote hapa.

Haya, tuje kwa Chapo wangu. Chapo hawezi kataa mutura. Siku moja alinusa mutura, akaniangalia, akageuka. Nikajua. Nikainua mdomo: fizi zimefifia. Thermometer: 40.1. Nikakumbuka wiki iliyopita nilitoa kupe mbili kati ya vidole, nikasema ni mbili tu. Hakuna kitu inaitwa kupe mbili tu. Yule kupe wa brown wa mbwa hakai nyasini peke yake, anaishi kejani. Jike akishiba anashuka, anapanda ukuta, anaingia kwa ufa na kutaga mayai maelfu. Wewe unaosha mbwa, nyumba inazaa.

Kupe wanaleta homa za aina mbili zenye vet wa Nai wanaziona daily. Moja ni babesia, inavunja damu. Fizi zinakuwa nyeupe ama manjano, mbwa anachoka, na mkojo unaweza toka kama chai ya rangi ama soda ya kola. Ukicheki huo mkojo, toka hiyo saa. Ingine ni ehrlichia, na hii ni mjanja. Inaanza na homa na kukataa chakula, halafu mbwa anakaa fiti, miezi, hata miaka, wewe unaringa. Kumbe imejificha. Inarudi mbwa amekonda, ana madoa mekundu tumboni, na damu inatoka puani bila kugongwa. Guka wa nambari tisa alicheki pua ya Simba wake inatoka damu akasema amepigana. Amepigana na nani, na amefungwa kamba since Januari?

Kipimo cha damu ndicho kinasema ni gani. Dawa zao si moja. Ya ehrlichia ni vidonge vya doxycycline, siku 28 hivi, na unamaliza zote hata kama mbwa ameanza kuruka siku ya nne. Chapo alimaliza. Siku ya tano alirudia mutura, siku ya 28 nilikuwa nimesota kabisa, na sijutii hata finje.

Kuzuia ndio cheap. Kuna kola, kuna dawa ya kudondosha mgongoni, kuna kidonge cha kutafuna. Uliza vet, pima kilo za mbwa, fuata tarehe. Lakini usifanye ile ya wazee ya kuingia agrovet, kununua dawa ya kuogeshea ng'ombe, na kuichanganya kwa ndoo na kipimo cha macho. Mbwa wa kilo kumi si ndama. Anatetemeka, anatokwa mate, analala hivo.

Bado tuko kwa recipe za wazee, so wacha nimalize hii: oil chafu ya gari. Simba wa Mama Mboga alikuwa na upele, ameisha manyoya kwa masikio na viwiko, anajikuna usiku mpaka court hailali. Mtu mzima na akili zake akamchukulia oil ya nganya kwa garage, akampaka mwili mzima. Mbwa anajiramba, msee. Hiyo uchafu yote, na vyuma vyake, inaingia tumboni, na ingine inapita kwa ngozi. Upele wa hiyo aina ni wadudu wadogo hauwezi waona na macho, wanachimba ngozi, na wanaruka kwa binadamu pia. Mama Mboga alikuwa ashaanza kujikuna mikono. Vet akamaliza hiyo stori na dawa halali. Kuna upele mwingine, mabaka ya upara kando ya macho na mdomo kwa pupi, huo hauambukizi watu na wakati mwingine unaisha wenyewe. Kwa macho zinafanana. Ndio maana daktari anakwaruza ngozi na kuangalia kwa darubini, si kwa garage.

Na kejani kwako, funga kabati ya dawa. Panadol inaharibu ini ya mbwa. Brufen inatoboa tumbo na kuua figo. Mbwa yako ikichechemea usiipee yako. Vitunguu, chokoleti, zabibu, bigijii zenye hazina sukari, zote ni sumu. Mifupa ya kuku ya kupikwa inapasuka vipande vikali kama sindano. Mfupa wa Friday ni operation ya Monday.

Distemper nayo nitapita haraka, lakini usiichukulie poa. Macho na pua zinatoka uchafu mzito wa manjano, kikohozi, kuhara. Watu wanasema ni mafua. Wiki kadhaa baadaye mguu unaanza kurukaruka wenyewe, taya inatafuna kama iko na bigijii, kisha kifafa. Ikifika hapo wachache sana wanarudi. Iko ndani ya ile chanjo moja na parvo, sindano ileile.

Kama uko na mbwa kubwa yenye kifua kirefu, tuseme Jamanshefa ama Great Dane, jua hii moja: imedishi, baadaye tumbo imefura kama ngoma, inajaribu kutapika na hakuna kitu inatoka, inazunguka haiwezi tulia. Tumbo imejipinda. Hizo ni masaa, si siku. Na kama ni jike hajafungwa uzazi, wiki chache baada ya joto anakunywa maji kama ngamia, hataki chakula, pengine usaha unatoka nyuma, mfuko wa uzazi umejaa uchafu. Huyo pia ni wa leo. Dume wa kutembea usiku akirudi na damu sehemu za siri kila mara, kuna uvimbe unaambukizwa wakipandana. Unatibika vizuri, lakini si kwa kuficha juu unaona haya.

Sasa nipunguze sauti, juu hii ingine sichekangi nayo.

Jioni moja mbwa chokora iliingia court kutoka upande wa soko. Mdomo wazi, taya imeanguka, mate inamwagika, inatembea kama mlevi. Ilijaribu kubweka, sauti ikatoka imekwaruza. Guka akasema, "Mfupa umekwama kooni, mshikeni nitoe." Akaanza kukunja shati. Soja wa gate alimvuta nyuma na nguvu yake yote, na huyo soja ndiye bazenga wa hii stori.

Kichaa cha mbwa, yaani rabies, si lazima kiwe ile ya kukimbiza watu. Iko ile ya hasira, inauma hadi mawe. Na iko ile ya kupooza, taya inaanguka, inashindwa kumeza, inakaa kama imenyongwa na mfupa. Virusi iko kwa mate. Ukiingiza mkono umejichanja. Mbwa mpole akigeuka mkali ghafla, ama mbwa mkali akigeuka mpole wa kujilaza kwa watu asiowajua, kaa mbali. Akianza kuonyesha dalili hapiti siku kumi. Na binadamu akianza kuonyesha dalili, karibu hakuna mwenye amewahi kupona.

Watoi wawili walikuwa wameishika hiyo mbwa kabla tufike, mikono iko na mikwaruzo ya mpira. Soja aliwapeleka kwa bomba, sabuni, maji yakimwagika, dakika 15 kamili kwa saa. Halafu hospitali, wakaanza sindano siku hiyohiyo na wakamaliza zote. Wako tu hapa, ndio wanavunja vioo vya watu na mpira. Ukiumwa usipake mafuta taa, usifunge na majani, usingoje mbwa adedi ndio uamini. Maji, sabuni, hospitali.

Kenya imejua huu ugonjwa tangu 1912, mbwa ilipatikana nao pembeni ya Nairobi. Serikali ilitoa mpango wa 2014 mpaka 2030 wa kumaliza vifo vya watu. Hesabu yake ni simple: 99% ya watu wanaambukizwa na mbwa, so ukichanja 70% ya mbwa, virusi inakosa pa kwenda. 2030 iko hapo tu. Sindano inaanza mbwa akiwa miezi mitatu, unarudia kila mwaka. Karibu na tarehe 28 Septemba, siku ya dunia ya kichaa cha mbwa, kaunti na vyuo huwa wanachanja mara nyingi bure ama kwa bei ya smokie chache. Ukikosa hiyo, iko kliniki ya wanyama ya University of Nairobi pale Kabete. Vet yeyote ukienda kwake, uliza namba yake ya Kenya Veterinary Board. Akikasirika ukiuliza, toka.

Hata Simba wa Guka amechanjwa sasa. Tulimpeleka sisi, Guka akiwa amelala.

So weka simu chini. Inua mdomo wa mbwa yako, bonyeza fizi, hesabu mbili. Halafu tafuta kadi. Kama tarehe ya rabies imepita mwaka, hizo njumu zitangoja mwisho wa mwezi. Kesho asubuhi mnatoka na mbwa.